Kahawa Baridi ya Kuloweka Nyumbani: ya Iliki, ya Tangawizi, ya Tui na ya Ukwaju

Kwetu Tanga kahawa ni ya moto. Muuzaji anapita na dele lake lenye makaa chini, anagonganisha vikombe unamsikia toka mbali, unakunywa kikombe kimoja na kashata huku maongezi yakiendelea. Nimekulia humo na siiachi. Lakini mchana wa Februari hapa Dar es Salaam, jasho likitiririka hata umekaa kivulini, mwili unaomba kitu cha baridi, na mimi sikutaka kuibadilisha kahawa kwa soda. Ndipo nikaingia kwenye kahawa ya kuloweka. Huu ni mwaka wa tano naitengeneza jikoni kwangu, naijaza kwenye chupa za kioo na kuwauzia majirani na watu wa maofisini.

Wengi wanaonitafuta wameshajaribu wenyewe nyumbani. Mmoja maziwa yalikatika, mwingine iliki haikusikika kabisa, mwingine karafuu ilifunika kila kitu. Nikiwauliza walivyofanya, mara nyingi kahawa yenyewe haina kasoro. Kasoro ni kiungo kuingia saa isiyo yake. Kuna viungo vya kuloweka pamoja na kahawa, kuna vya kupika kwanza vikawa shira, na kuna vinavyongoja mpaka glasi iko mezani. Mwongozo huu nimeupanga kwa kufuata hilo.

Kwanza, kahawa yenyewe

Kahawa ya kuloweka si kahawa ya moto iliyopoozwa. Maji ya moto huvuta kila kitu kwa dakika chache, ukiwemo uchungu na uchachu. Maji baridi huvuta polepole, na sehemu kubwa ya uchungu huo hubaki kwenye machicha. Ndiyo maana kinywaji kinatoka laini, chenye utamu wa mbali, na hakihitaji sukari nyingi.

Kwa chupa moja ya nusu lita unahitaji:

- kahawa iliyokaangwa, gramu 100
- maji safi baridi, mililita 700
- jagi au chupa ya kioo yenye mdomo mpana na kifuniko
- chujio la chai, na kitambaa safi cha pamba

Utaona maji yanaingia 700 na kahawa inatoka kama 500. Hayajapotea, yamenywewa na machicha, ambayo hushika maji karibu mara mbili ya uzito wake. Hiyo 500 ni kahawa nzito, si ya kunywa hivyo hivyo. Utaipunguza kwa maji au maziwa, nusu kwa nusu.

Kuhusu kahawa gani, usitafute ya ng'ambo. Arabika ya Kilimanjaro ina uchachu mzuri, naiwekea ya ukwaju na ya chungwa. Ya Mbinga au Mbozi naitumia kwa iliki na maziwa. Robusta ya Bukoba ni nzito na kafeini yake inakaribia mara mbili ya arabika, kwa hiyo naichanganya fungu moja kwa mafungu matatu ya arabika, na hasa kwa ya tui. Tafuta iliyokaangwa kiasi, rangi ya hudhurungi. Iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi na kung'aa mafuta, ikilowekwa, inabaki na harufu ya moshi tu.

Kusaga

Hapa ndipo pa kutulia. Kahawa ya pakiti tunayoinunua madukani imesagwa laini kama unga kwa sababu ni ya kuchemsha. Ukiiloweka, inapita kwenye kitambaa, kinywaji kinakuwa na tope, na kila saa inayopita uchungu unaongezeka hata ndani ya chupa. Unataka chenga. Chukua kidogo ukisugue katikati ya vidole: usikie punje zinakwaruza, kama chenga za mchele. Zikiteleza kama poda, ni laini mno.

Kama huna mashine, tumia kinu. Twanga kidogo kidogo, kiganja kimoja kwa mara, kwa kupiga na siyo kusaga. Halafu pitisha kwenye chekeche ya unga. Vumbi linalodondoka chini liweke pembeni, ni zuri kwa kahawa yako ya moto ya jioni. Kinachobaki juu ndicho cha kuloweka. Pima gramu 100 baada ya kuchekecha, siyo kabla.

Kuloweka

Maji ya bomba yenye harufu ya dawa yataharibu kazi yote. Yachemshe, yaache wazi yapoe kabisa, ndiyo uyatumie. Weka kahawa kwenye jagi, mimina maji robo kwanza, koroga kwa kijiko mpaka chenga zote zilowe, kisha malizia yaliyobaki. Chenga zitapanda juu na kutengeneza tabaka. Baada ya dakika 10 zikandamize tena taratibu kwa kijiko. Funika, weka kwenye friji.

Wapo wanaoacha mezani, na ni kweli nje inaiva haraka zaidi. Kwa joto la pwani mimi siachi, hasa kukiwa na viungo ndani. Kwenye friji nahesabu saa 16 hadi 18. Nikiloweka saa 2 usiku, nachuja kesho yake saa 8 mchana. Ukipitisha siku nzima, ladha inaanza kuwa ya mti.

Kuchuja na kuhifadhi

Pitisha kwanza kwenye chujio la chai kuondoa chenga kubwa, halafu kwenye kitambaa cha pamba kilicholoweshwa maji. Kitambaa hicho kifuliwe kwa maji ya moto bila sabuni ya manukato, maana kahawa hunyonya harufu. Najua mkono wa mtu aliyezoea kukamua tui utataka kukamua. Usikamue. Ukiminya, unasukuma vumbi na uchungu wote uingie kwenye chupa. Kining'inize juu ya bakuli, kiache nusu saa kijichuruzike chenyewe.

Chupa iliyochemshwa, kifuniko kinachobana, na karatasi yenye tarehe. Kahawa nzito yenyewe naipa siku 7 ndani ya friji. Ikishachanganywa na maziwa, siku 2. Umeme ukikatika usiku kucha na friji ikapata joto, usiibahatishe. Na chupa ukiifungua ikatoa hewa, au ikanuka uchachu, mwaga.

Iliki, mdalasini na karafuu: vinalowekwa pamoja na kahawa

Viungo vikavu vinapenda muda mrefu. Harufu yake hutoka polepole kwenye maji baridi, na hizo saa 16 zinatosha. Kwa kipimo chetu cha gramu 100 naweka iliki nzima 8 zilizopondwa mpaka ganda limepasuka na mbegu zimevunjika kidogo, kijiti cha mdalasini cha urefu wa kidole, na karafuu 2.

Karafuu 2 ni 2 kweli. Mwanzoni niliwahi kuweka 10 nikiamini ndiyo ladha ya Zanzibar. Ilichokifanya ni kuwatia ganzi watu wa nyumbani kwangu kwenye ulimi, kama vile wametoka kung'olewa jino. Mafuta ya karafuu ndiyo kazi yake hiyo.

Mdalasini uwe wa kijiti, usiwe wa unga. Unga wa mdalasini ukikaa kwenye maji hutoa utelezi kama wa bamia, na kitambaa kinaziba hata kahawa haishuki. Kama unapata vanila ya Kagera, pasua nusu ya ganda moja kwa urefu, tia humo humo. Ganda lisitupwe, likaushe ulitumbukize kwenye kopo la sukari.

Glasi ya kunywa: barafu, kahawa nzito mililita 100, maziwa baridi mililita 100. Hii ndiyo inayonitoka zaidi kwa wiki, na ndiyo ya kuanzia kama hujawahi kutengeneza.

Tangawizi: inapikwa kwanza

Hii nimeilipia. Ndugu yangu aliniagiza chupa 12 kwa kitchen party. Nikasaga tangawizi mbichi, nikakamua maji yake, nikatia kwenye kahawa ya maziwa, nikafunga chupa zikapendeza. Baada ya saa moja chupa zote zilikuwa na mabonge juu na maji ya kijivu chini, kama mtindi uliovurugwa. Nilidhani maziwa yalikuwa mabovu. Hayakuwa mabovu. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na kule Uchina wapo wanaokitumia makusudi kutengeneza kitindamlo cha maziwa. Ukiichemsha tangawizi, kimeng'enya hicho kinakufa na maziwa yanasalimika.

Basi tunapika shira. Tangawizi mbichi gramu 60, ikwanguliwe na kukatwa vipande vyembamba. Maji mililita 250. Sukari guru gramu 200, iliyovunjwa vipande. Sukari ya kawaida nayo inafaa, ila guru ina harufu ya muwa uliopikwa ambayo na kahawa ni ndugu. Bandika vyote pamoja, vikichemka punguza moto, acha dakika 15. Chuja, poza, weka friji. Inakaa siku 10.

Sukari yoyote ya kahawa baridi naiingiza kwa njia hii ya shira. Ukitia sukari kavu kwenye glasi ya baridi, utakoroga mpaka mkono uchoke na bado itabaki chini.

Glasi: kahawa nzito mililita 100, shira vijiko 2 vya mezani, maziwa au maji mililita 100, barafu. Onja kabla ya kuongeza shira, tangawizi huja nyuma ya koo baadaye kidogo.

Tui: linangoja glasi

Kahawa na nazi vinapatana sana, lakini tui lina mambo mawili. La kwanza, linachacha upesi, kwa hiyo lisikae kwenye chupa kabisa. La pili ni mafuta yake. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, ndiyo maana chupa ya mafuta ya nazi inakuwa nyeupe asubuhi za Julai kule Lushoto. Ukimimina tui la kasimile, lile zito la kwanza, juu ya barafu, utaona punje nyeupe zinaelea, na ukinywa zinakung'ang'ania mdomoni kama nta.

Tumia tui la pili, jepesi. Loweka tende 4 kwenye maji ya moto dakika 10, toa kokwa, zisage kwenye blenda pamoja na tui mililita 100 na chumvi ya kushika kwa vidole viwili. Chuja. Chukua kahawa nzito mililita 100 iliyotoka kwenye friji, mimina yote kwenye chupa, funga, tikisa kwa nguvu ukihesabu mpaka 30. Tia kwenye glasi na vipande 2 tu vya barafu, na inyweke hapo hapo. Tende zinaleta utamu na pia zinashika mafuta yasijitenge haraka. Chumvi usiiruke, ndiyo inayoifanya nazi isikike.

Kahawa hii, hasa ikiwa na robusta, ina nguvu. Mimi sinywi baada ya alasiri, watoto siwapi, na mteja mjamzito namwambia wazi kwamba kafeini ni ya kupimwa na kwamba glasi yangu moja si sawa na kikombe kimoja cha muuza kahawa.

Ukwaju na chungwa: mwisho kabisa, na bila maziwa

Watu hushangaa kahawa na ukwaju, mpaka waonje. Ukwaju gramu 50 uloweke kwenye maji ya moto mililita 150 kwa dakika 20, uvuruge kwa mkono, uchuje upate rojo. Uchachu wake utakata maziwa papo hapo, kwa hiyo glasi hii haina maziwa. Shira hapa iwe ya sukari nyeupe na maji, kipimo sawa kwa sawa.

Jaza glasi barafu. Mimina rojo la ukwaju mililita 40, shira mililita 30, koroga. Ongeza maji ya soda yasiyo na ladha mililita 100. Sasa geuza kijiko mgongo juu, kiguse ukingo wa ndani wa glasi, na umimine kahawa nzito mililita 80 juu yake taratibu sana. Ukiharakisha, povu linapanda na kumwagika mezani. Ukienda polepole, kahawa inakaa juu kwa sababu ukwaju wenye sukari ni mzito zaidi, na katikati unapata mstari wa rangi ya asali.

Malizia na ganda la chungwa la Muheza, lile la kijani. Kata kipande chembamba cha juu tu, nyama nyeupe ya ndani iache maana ni chungu. Kikunje kwa vidole juu ya glasi ukiwa umeelekea dirishani: utaona vitone vya mafuta vinaruka kama moshi na kutua juu ya kahawa. Dondosha ganda humo humo, na usikoroge.