Jinsi ya Kusoma Bei ya Mtambo wa Nyuklia

Mtu aliyewahi kujenga Arusha anajua kwamba nyumba mbili za ramani moja, moja Njiro na nyingine Ngaramtoni, hazikamiliki kwa fedha sawa. Kwa mitambo ya kufua umeme wa nyuklia pengo hilo hufika mara tatu na zaidi, na kwa kuwa kazi yangu ni kukadiria majenzi, huniuma kuona tarakimu zisizolingana zikipimwa kwenye mizani moja. Hivi ndivyo ninavyozisoma.

Kwanza gawanya bei kwa uwezo wa mtambo. Barakah, katika Falme za Kiarabu, ina vinu 4, yaani mashine zinazotoa joto la kufulia umeme, vya megawati zipatazo 1,400 kila kimoja, na mkataba wake wa mwaka 2009 ulikuwa wa takriban dola bilioni 20, yaani karibu dola 3,600 kwa kilowati. Vinu vya 3 na 4 vya mtambo wa Vogtle, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, vina jumla ya megawati kama 2,200 na vimegharimu zaidi ya dola bilioni 30, yaani zaidi ya dola 13,000 kwa kilowati. Usihitimishe bado. Tarakimu ya kwanza ni bei ya mkataba, iliyoandikwa kabla zege halijamwagwa. Ya pili ni hesabu ya mwisho, na riba imo ndani yake.

Kwa hiyo itenge riba, maana hapo ndipo wengi hupotea. Wahandisi huanza na gharama inayokokotolewa kana kwamba mtambo umejengwa wote kwa usiku mmoja, kisha ndipo huongeza riba. Chukua mkopo wa shilingi milioni 100 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, usiolipwa hadi ujenzi uishe: baada ya miaka 5 deni ni milioni 161, na baada ya miaka 10 ni milioni 259. Kwa asilimia 3, riba ambayo Misri ilipewa na Urusi katika mkopo wa dola bilioni 25 wa mtambo wake wa nyuklia wa El Dabaa, deni la miaka 10 lingekuwa milioni 134 tu. Zege ni lile lile na nondo ni zile zile. Anayejenga Moshi kidogo kidogo kwa fedha za kahawa hulikwepa deni hili, lakini kinu cha nyuklia hakijengwi kwa mtindo huo.

Kisha uliza kama michoro ilikuwa imekamilika siku ya kuanza kazi. Ramani ikibadilishwa boma likiwa limefika kwenye lenta, kuta huvunjwa na mafundi hulipwa huku wamekaa. Huko Flamanville, Ufaransa, ujenzi ulianza mwaka 2007 kwa makadirio ya euro bilioni 3.3, michoro iliendelea kurekebishwa, baadhi ya maungio ya kuchomelea yakabidi yarudiwe, na kinu kiliunganishwa na gridi Desemba 2024, EDF, kampuni ya umeme ya Ufaransa inayokimiliki, yenyewe ikiwa imekadiria euro bilioni 13.2 bila riba.

Uliza pia kinu hicho ni cha ngapi cha aina yake. Cha kwanza hubeba gharama za kujifunza, ilhali Barakah mafundi walikwenda na ujuzi wao kutoka kinu kimoja hadi kingine. Tazama vilevile bei imeandikwa kwa thamani ya fedha ya mwaka gani, maana fedha ya jana hainunui sawa na ya leo.

Mwisho, tafuta nani hubeba ongezeko la gharama. Olkiluoto 3, kinu kilichoko Finland, iliuzwa kwa bei iliyofungwa, yaani isiyopanda hata gharama zikipanda, ya takriban euro bilioni 3. Ilipochelewa zaidi ya miaka 10, hasara kubwa ilimwangukia mjenzi, Areva, ambaye serikali ya Ufaransa ililazimika kumwokoa. Aliyesoma mkataba wa mnunuzi peke yake hakuiona gharama hiyo.