Shelfu ya sokoni ya kufunga kwa bolti: namna ya kuibuni pamoja na wauzaji

Muuza karanga wa soko la Majengo na muuza nguo wa Soko la Wazi la Machinga, yote ya Dodoma, hawahitaji shelfu ya aina moja, lakini nguzo moja inaweza kuwafaa wote wawili. Kwa hiyo fundi aamue kiungo, yaani mahali vipande vinapofungana, muuzaji aamue mengine. Ukimwachia mteja kila kitu, kila oda inageuka kazi mpya. Ukimnyima yote, wiki haiishi atakuwa ameshaongeza mbao na kamba zake.

Hatua ya 1: Weka visivyobadilika

Ni vitatu tu: ngazi (ubao wa kupangia bidhaa) ya mm 600 kwa 600, bolti za M8 (unene mm 8), na matundu ya mm 9 yanayoachana mm 50. Plaiwudi ya mm 1220 kwa 2440 inatoa vipande 8 vya 600 kwa 600, na nafasi ya msumeno inabaki. Nguzo ni bomba la mraba la mm 25, unene mm 1.5, urefu mm 1800. Bomba la mita 6 linatoa nguzo 3. Kipande kinachobaki, pungufu kidogo ya mm 600, kinafaa mguu wa meza. Tundu lisiwe mm 8 kamili: rangi hulibana, na bolti ikigoma mteja ataigonga kwa nyundo.

Hatua ya 2: Waache wauzaji wapange

Tafuta wauzaji 6 hadi 8 wa biashara tofauti. Usiwaulize "mnataka nini?", maana watakutajia shelfu ya jirani. Nenda na maboksi matupu, mbao na chaki, waombe wapange bidhaa zao zenyewe, wewe upime: mkono unafika wapi akiwa ameketi, debe lina kimo gani, mteja anasimama upande upi. Muulize pia mzigo unalala wapi. Anayehamisha kila jioni anahitaji shelfu inayofunguka kwa spana namba 13 pekee. Anayeacha hapo anahitaji mlango wa wavu na kufuli.

Kisha kila mmoja ajaze kadi yake: ngazi ngapi, kila moja kwenye tundu la ngapi, na iwe plaiwudi, wavu au trei ya bati. Hapa usikae kimya. Mama wa mchicha akichagua plaiwudi, mweleze kwamba maji anayonyunyizia yataivimbisha, achukue wavu.

Hatua ya 3: Tengeneza kiolezo mama

Chukua chuma bapa cha mm 25 kwa 3, urefu mm 1800. Pima kila tundu kutoka mwisho uleule: 50, 100, 150, hadi 1750. Yanakuwa matundu 35. Ukipima kutoka tundu hadi tundu na kukosea nusu milimita kila mara, ukifika la mwisho umepotea karibu mm 17, na ngazi itakaa upande. Anza na keekee ya mm 4 ndipo upanue. Kila nguzo itobolewe kwa kiolezo hiki, kamwe si kwa nguzo iliyotangulia.

Hatua ya 4: Fremu ya ngazi

Tumia chuma cha pembe cha mm 25 kwa 25 kwa 3, ndani ikiwa mm 603 ili ubao uingie bila kulazimishwa. Shika pembe zote nne kwa nukta za kuchomelea, pima mishazari (kona hadi kona), na ikitofautiana zaidi ya mm 2 rekebisha kabla ya kumalizia kuchomelea, kwa kuwa joto huvuta pembe.

Kila pembe ipate bamba la mm 100 lenye matundu mawili yanayoachana mm 50. Bolti moja kwa pembe hufanya shelfu iyumbe kama mlango, mbili huikaza. Ngazi moja inatumia bolti 8.

Hatua ya 5: Jaribu sokoni wiki mbili

Upepo wa kiangazi Dodoma haupuuzwi. Shelfu ya mm 1800 yenye kitako cha 600 huanguka ikibeba juu, kwa hiyo nafaka iwe ngazi ya chini na nguzo ifungwe kwenye kibanda. Pita katikati ya wiki uone wamebadilisha nini bila kukwambia. Kamba waliyoongeza ni taarifa: pengine inahitajika ndoano.

Hatua ya 6: Bei kwa kipande

Andika bei ya nguzo, fremu, ubao, wavu na bolti kila kimoja peke yake, ili muuzaji aanze na ngazi mbili na kuongeza akipata. Ombi la wauzaji watatu liingie kwenye orodha ya kudumu. La mmoja litengenezwe kwa bei yake. Aliyetoa wazo lililoingia kwenye orodha apunguziwe bei, na mkubaliane hivyo kabla ya kuanza.