SOMO: Jinsi ya kugeuza bwalo au stoo ya zamani kuwa sehemu ya kusomea na kupumzikia kidato cha 5 na 6

Habari zenu wakuu. Tangu niweke zile picha za komonrumu yetu kila wiki naulizwa yaleyale, juzi kuna mtu kanipigia saa nne usiku kuuliza saizi ya plaiwudi, kwahiyo naandika mara moja hapa na ukiniuliza tena nitakurudisha hapahapa. Mimi ni mwalimu wa malezi, shule ya serikali ya bweni, advansi tupu, mchanganyiko, huku Nyanda za Juu Kusini. Tulikuwa na bwalo la zamani mita 15 kwa 8 limejaa vitanda vibovu, leo ndo sehemu vijana wanayokimbilia wakitoka darasani.

Kwa nini nimelishikilia hili jambo: mtoto wa kidato cha 5 ana miaka 17 au 18, TAMISEMI imempanga mkoa ambao hajawahi kufika, anaripoti Julai hamjui mtu na mtihani wa taifa unamsubiri Mei, hata miaka miwili haifiki. Mchana yuko darasani, usiku prepo darasani kwenye kiti kilekile, akitoka hapo ni bwenini. Katikati hakuna kitu. Ndo maana unawakuta wanadiskasi juu ya vitanda na wengine wanasomea korido ya vyoo sababu taa ya kule haizimwi. Mtu anayesomea chooni sio mtundu, amekosa pa kukaa.

1. Kibali. Mkuu wa shule, alafu bodi. Na michango usikusanye kienyeji, ada zenyewe za kidato cha 5 na 6 zilishafutwa tangu 2022.

2. Toa vitu vyote, piga deki, pima chumba. Shule nzima haitaingia humo, msidanganyane. Sisi hesabu yetu ilikuwa watu 60 kwa wakati mmoja, prepo ya kawaida inaendelea madarasani.

3. Usinunue kitu wiki mbili za kwanza, zunguka na daftari uangalie. Nilichora ramani ya shule kwenye manila nikawa naweka alama kila saa kumi jioni na saa mbili usiku wanakaa wapi na wanafanya nini. PCM na PCB (wale wa sayansi) walikuwa wanarundikana maabara, nikadhani ni vifaa, kumbe walikuwa wanafuata ubao wa kuandikia. HKL na HGL (wale wa sanaa na lugha) wako kwenye ngazi za utawala sababu jioni pana jua na huku kwetu Juni na Julai baridi si ya mchezo. Hayo hakuna aliyeniambia, nimeyaona. Alafu usiulize viranja peke yao. Viranja wetu walisema TV. Tulipoweka boksi la karatasi zisizo na majina, wengi waliandika wanataka sehemu ya kimya, na mmoja akaandika "sehemu ya kukaa bila kuulizwa unafanya nini hapa". Hiyo karatasi bado ninayo.

4. Milango kabla ya rangi. Miwili, pande tofauti, ifunguke kwa nje, na isipigwe kufuli watu wakiwa ndani hata dakika tano. 1994 moto uliua wasichana kama 40 kwenye bweni la Shauritanga kule Rombo, na tangu hapo shule zimeendelea kuungua. Hapa usibane hela.

5. Umeme. Fundi mwenye leseni ya EWURA, sio kijana wa mtaani anayejua kuunga. Waya wa 1.5 mm² kwa taa, 2.5 mm² kwa soketi. Tyubu za LED za futi 4 zikae juu ya meza, sio katikati ya chumba, maana mtu akiinama kichwa chake kinatupa kivuli kwenye daftari. Ukimaliza, kaa mwenyewe kila kiti saa mbili usiku uandike mistari mitatu. Ukiona kivuli cha mkono wako kinakusumbua, hamisha taa.

6. KUTENGANISHA KIMYA NA MAONGEZI. Hapa someni taratibu maana hapa ndo niliharibu. Mara ya kwanza niliweka vyote chumba kimoja, kushoto meza za kimya, kulia diskasheni na TV, katikati nikapiga kizuizi cha plaiwudi cha futi 5 kwenda juu, karatasi 12 pande zote mbili, kikapakwa rangi kikapendeza na wageni wakapiga picha. Bwalo lenyewe juu bati tupu, chini sementi, kuta plasta. Sauti ikawa inaruka juu ya kile kizuizi inagonga bati inarudi chini, mtu akieleza intigresheni upande ule wewe wa upande huu unasikia mpaka anavyovuta pumzi. Wiki ya tatu wasomaji wote wameshahama, wamerudi darasani na kwenye korido za vyoo. Na mimi badala ya kuangalia jengo nikatunga sheria, atakayeongea anafyeka majani. Nimewaadhibu watoto kwa kuongea sehemu niliyowajengea ya kuongelea. Hilo linaniuma mpaka leo, na mwaka uliofuata niliwaambia paredi kwamba kosa lilikuwa langu.

Tuliporudia tukatoa plaiwudi yote, tukapandisha ukuta wa tofali mpaka juu kabisa. Mita 9 zikawa chumba cha kimya, mita 6 chumba cha maongezi na TV, na diskasheni kubwa zikatoka nje kwenye vimbweta (meza na benchi za zege).

ONYO: ukuta ufike kwenye bati. Ukiishia kwenye silingibodi sauti inapanda juu ya silingi inashukia upande wa pili.
ONYO: chumba cha kimya kisiwe njia ya kupita. Kiwe na mlango wake wa nje, na kama unaweka mlango wa kati uwe wa dharura tu.
ONYO: weka silingi. Huku mvua ni kuanzia Novemba mpaka Aprili, bati likipigwa hata mwalimu mwenye kipaza sauti hasikiki.

7. Meza. Sm 120 kwa 60, kimo 75, viti 45. Mbili ukiziunganisha wanakaa wanne. Sisi tumetumia paini sababu Mufindi na Njombe ipo tele. Usizichimbie chini wala kuziunga na ukuta, waache wazisogeze.

8. Ubao chumba cha maongezi, ukuta mzima. Plasta laini, rangi ya ubao mikono miwili. Ubao mweupe unapendeza ila makapeni yanaisha wiki moja na hela ya mengine hamna.

9. Rangi ya kuta nyeupe au krimu, chini mita moja rangi ya mafuta ili zifutike.

10. Vimbweta. Zege 1:2:4, nondo ndani ya meza, mwagilia maji siku 7. Ukingo wa benchi na ukingo wa meza visiachane zaidi ya sm 10 la sivyo mtoto anaandikia mapajani. Viezekwe. Na vikae MASHARIKI ya jengo au ya mti, maana jioni ndo vinatumika na kivuli cha jioni kinaangukia mashariki.

11. Sheria chache, wazitunge wenyewe, zisizidi tano.

Maswali karibuni.

---

Kibopa_22: Somo zuri mkuu. Sasa hiyo plaiwudi ya kutenganisha niweke inchi ngapi?

Mwl. Malezi: Hatua ya 6. Usiweke plaiwudi.

Mama Wawili: Mimi ni mzazi, mwanangu yuko fomu siksi. Samahani mwalimu lakini TV ya nini? Tumewapeleka kusoma, kupumzika watapumzika likizo.

Mwl. Malezi: Mama nakuelewa na wala sijachukia. Lakini binti au kijana wa miaka 18 anayeamka saa kumi na moja alfajiri na kulala saa tano usiku hawezi kusoma masaa yote hayo, anakaa tu mbele ya daftari. TV yetu inawashwa Jumamosi jioni, Jumapili mchana, na taarifa ya habari saa mbili, basi. Siku nyingine mle ndani wanacheza drafti na bao, wanasukana, wanaongea. Na nikuambie kitu, mwaka jana nimeweza kugundua mtoto aliyefiwa na baba yake akawa hajamwambia mtu, kwa sababu alikuwa anakaa pembe ileile kila jioni hachezi na mtu. Darasani nisingemuona.

Mama Wawili: Hapo umenigusa mwalimu. Mungu akubariki.

Sauti_Studio: Kwenye sauti umekosea gharama. Gundisha trei za mayai ukutani, studio zote za mtaani zinafanya hivyo, sauti inakufa kabisa, hukuwa na haja ya tofali.

Mwl. Malezi: Trei za mayai zinapunguza kidogo mwangwi ndani ya chumba, hazizuii sauti kupita kwenda chumba cha pili, hayo ni mambo mawili tofauti. Kinachozuia ni uzito, ndo maana tofali. Na ni karatasi kavu, unazigundisha ukutani kwenye chumba cha watoto 60 alafu soketi ipige cheche. Soma hatua ya 4.

Sauti_Studio: Nimesema ushauri tu usipaniki.

Mwl. Malezi: Sijapaniki. Kwenye moto sitanii na sitabadilisha jibu.

Nyakio wa Nakuru: Hujambo mwalimu, nakusoma kutoka Kenya. Kwa milango umesema ukweli mtupu. Hapa kwetu kuna mwongozo wa usalama wa shule wa 2008, unasema milango ya bweni iwe futi tano upana, ifunguke kwa nje, na madirisha yasiwe na vyuma. Ulitoka baada ya kulia sana, kwenye moto wa shule ya Kyanguli 2001 tulipoteza wavulana 67. Na bado 2024 moto wa shule ya Endarasha wakaenda 21. Sasa swali langu, madirisha yako uliyafanyaje? Kwenye picha naona grili.

Mwl. Malezi: Sijambo dada, na asante sana kwa hili, swali lako ni zuri kuliko yote. Grili zilikuwepo za zamani, bwalo lilikuwa stoo na wezi walikuwa wanasumbua. Nilichofanya, madirisha mawili kila chumba grili nimeikata nikaiweka bawaba, inafunguka kwa nje, ndani ina komeo la kusukuma halina ufunguo wala kufuli. Kila mwanzo wa muhula tunawafanyisha mazoezi, wanatoka wote kwa milango na madirisha tunahesabu sekunde. Ila umenipa wazo, mlango mmoja wetu ni futi tatu na nusu. Likizo ya Desemba nitaupanua.

Nyakio wa Nakuru: Hiyo ya bawaba naipeleka kwa BOM (bodi ya shule) yetu. Ubarikiwe.

kijana_mtulivu: Weka jumla ya gharama yote mpaka mwisho shilingi ngapi na utume PDF

Mwl. Malezi: Bei ya tofali Makambako na ya Mtwara haifanani. Pima jengo lako, mpe fundi aliye karibu akufanyie makadirio. PDF sina.

Mwl. Tunu: Shikamoo mwalimu. Mimi niko shule ya wasichana na ndo naanza kazi. Lile boksi uliuliza maswali gani hasa? Naogopa nikiuliza vibaya wataandika chips na simu tu.

Mwl. Malezi: Marahaba mwanangu, hongera kwa kazi. Usiulize "mnataka nini", hapo kweli utapata chips. Mimi niliuliza matatu: jana saa mbili usiku ulikuwa umekaa wapi? Kwa nini hapo na sio kwingine? Ni sehemu gani ya shule unaikwepa? Hilo la tatu ndo lenye dhahabu. Wasichana wetu wengi waliandika wanakwepa njia ya kutoka bwenini kwenda bwalo sababu ina giza. Yaani ningejenga chumba kizuri namna gani usiku wasingekuja. Taa mbili za njiani zikaletwa kabla hata ya meza. Kusanya karatasi mwenyewe, matroni asizione, na usijaribu kutambua mwandiko.

Mwl. Tunu: Aisee hilo la tatu nisingelifikiria. Nitaleta mrejesho.

Mkongwe wa Bweni: Mimi naongezea moja, msipokee makochi ya msaada. Sisi tulipewa seti tatu nzuri tu na mfadhili, mwezi wa pili shule nzima kunguni.

Mwl. Malezi: Kweli kabisa, hili nilitakiwa niliandike. Kitambaa na sponji ni nyumba ya kunguni, na kwenye bweni wakishaingia wanatembea na mabegi mpaka majumbani. Sisi tuna mabenchi ya mbao yenye migongo, mito imeshonwa kwa leza (ngozi bandia) na zipu, inavuliwa inaanikwa juani.

Fundi Chuma Njombe: Kwenye mbao nako wanaingia kwenye viungio. Ziba nyufa zote kwa pati kabla ya vanishi. Kila robo mwaka mwagia maji yanayochemka kwenye viungo vya kitanda na benchi, mayai hayaponi.

Mkongwe wa Bweni: Maji ya moto ndo yenyewe. Dawa peke yake wanazoea.

ramani_na_dira: Mwalimu nasoma jiografia HGL, swali dogo. Umesema vimbweta mashariki, lakini jua si linahama kaskazini na kusini kwa mwaka? Kivuli hakitahama?

Mwl. Malezi: Safi sana, umewaza kama mtu anayesoma kweli. Ndio linahama. Sisi tuko kusini mwa ikweta, Juni jua la mchana linakaa upande wa kaskazini kwahiyo kivuli kinavutwa kusini, Desemba linapita kusini yetu kidogo, kivuli kinavutwa kaskazini. Lakini saa kumi na saa kumi na moja jioni miezi yote liko magharibi, kivuli kinaangukia mashariki, kinachobadilika ni kuegemea kusini-mashariki au kaskazini-mashariki. Fanya hivi: chomeka kijiti cha mita moja pale unapotaka kujenga, saa kumi jioni weka jiwe kwenye ncha ya kivuli, rudia kila mwezi. Mimi mawe yangu ya Juni na Desemba bado yapo, kimbweta cha tatu kimekaa katikati yake.

ramani_na_dira: Asante mwalimu. Kijiti nimeshapata, kesho saa kumi naanza.