Kamera ya waifai bandani: fundi atoboe ukuta, kusajili sajili mwenyewe

Siku hizi ukizunguka Mwanjelwa hapa Mbeya hukosi duka lenye kamera za waifai, taa za kuwashia kwenye simu, soketi unayoizima ukiwa safarini, na watu wananunua kweli. Mi nilichukua kamera moja ya kuzunguka kwa ajili ya banda la vifaranga huku Uyole, maana baridi ya mwezi wa saba mnaijua wenyewe, taa ikizima saa nane usiku asubuhi unaokota mizoga.

Kosa langu lilikuwa hili. Fundi alikuja akaifunga juu ya mlango, akaiunga kwa simu yake "kwanza nione kama inashika", halafu akanirushia ruhusa ya kuangalia kwenye simu yangu, nikamlipa nikafurahi. Wiki mbili mbele niko bandani nabadilisha maji, nasikia kamota kanalia kwiii, kichwa cha kamera kinanifuata, na simu yangu iko ndani kwenye chaji. Labda ilikuwa inafuata yenyewe, zipo zinazofanya hivyo, ila nilipoingia kwenye setingi niizime nikakuta sina ruhusa, mwenye kamera ni fundi na mimi ni mgeni tu.

Kwa hiyo wadau, kamera ni ya aliyeisajili, sio aliyelipa. Fundi apande ngazi, apitishe waya, simu iwe yako: pakua app iliyoandikwa kwenye boksi, fungua akaunti kwa namba yako, ndo uskani vile vimraba vya QR. Kama tayari ipo kwa mtu, aifute kwenye akaunti yake ukiwa unamwangalia, kisha ndo ubonye kile kitufe cha riseti mpaka iongee au ilie. Usikimbilie riseti, zipo ambazo hata ukiriseti mara kumi bado zinamtambua yule yule wa kwanza.

Ikigoma kushika waifai mara nyingi sio mbovu, kamera nyingi za bei ya chini zinasoma masafa ya waifai ya 2.4G tu, na simu yako inaweza kuwa iko 5G ya rauta, badilisha hapo.

Paswedi ya kiwandani toa siku hiyo hiyo, ya kamera na ya rauta. Mwaka 2016 kirusi kinaitwa Mirai kiliingia kwenye kamera na rauta kibao duniani kwa kujaribu tu paswedi za aina ya admin, admin, na mwezi wa kumi vifaa hivyo vikatumika kuipiga kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa inaelekeza watu kwenye tovuti, mpaka Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Wenye kamera wala hawakujua.

Bando sasa. Kamera ikirusha picha kwa Mbps 1 ni kama MB 450 kwa saa, ukiiacha wazi usiku na mchana inakaribia GB 11, utalia. Weka memori kadi, iseti irekodi kikipita kitu tu, na wewe fungua dakika mbili ukihitaji. Umeme ukikatika rauta inazima na kamera inapotea hewani, hapo pauabenki ya rauta inasaidia sana kuliko kununua kamera ya pili.

La mwisho ni la wafugaji wenzangu. Tundika kipimajoto cha kawaida usawa wa vifaranga, kamera ikione, wiki ya kwanza isome 32 mpaka 35. Changu nimekifunga kwa kamba ya katani, nikiwa Makambako usiku nazumu nasoma. Na hata namba zisiposomeka angalia vifaranga wenyewe, wakibanana chini ya taa ni baridi, wakikimbilia kwenye kuta midomo wazi ni joto, mpigie aliye nyumbani.