Sindano ya ganzi ya bega: meza dawa kabla hujaumwa

Mimi ni fundi wa nguo, Kariobangi, Nairobi. Kano ya bega la kulia ilikatika nikiteremsha jora la kitambaa rafu ya juu, basi mwaka jana ikawa zamu yangu kushonwa. Upasuaji niliuogopa bure. Shida ilikuwa usiku wake, na ndiyo sababu naandika.

Sindano yenyewe haina makuu. Unageuza uso upande wa pili, daktari wa nusukaputi anakupaka dawa baridi shingoni, kisha anatafuta neva za mkono kwa mashine ya picha, ile ile wanayopimia wajawazito. Baada ya kama dakika 20 mkono haukuwa wangu tena. Nilipouinua kwa ule wa kushoto niliona kama nimebeba mguu wa ng'ombe kutoka soko la nyama la Burma.

Ukiwa na pumu au mapafu mabovu, au unameza dawa za kuzuia damu kuganda, mwambie daktari kabla hajakuchoma. Ganzi ya shingoni hufika mara nyingi kwenye neva inayoendesha kiwambo, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, na upande mmoja ukalala. Mwenye mapafu mazima huenda ahisi tu kwamba pumzi haijai. Mgonjwa wa mapafu atatafutiwa njia nyingine.

Usishtuke ukijiona kwenye kioo. Kope langu la kulia lilining'inia, jicho likawa jekundu, sauti ikakwaruza. Dada yangu alipoingia wodini alishika kichwa: "Ghai! Hicho si kiharusi?" Nesi akacheka; yote yaliondoka pamoja na ganzi. Lakini mdomo ukienda upande au mguu ukilegea, usiisingizie ganzi ya bega. Ita daktari hapo hapo.

Sasa kosa langu. Nilichomwa saa tatu asubuhi. Jioni niko nyumbani Umoja, siumwi popote, vidonge nikaviacha kwenye bahasha yake ya kaki. Dawa ya maumivu ya nini na sina maumivu? Saa tisa usiku vidole vikaanza kuchomachoma, kama mguu uliokaliwa, na kabla sijaketi vizuri bega likawaka moto. Kidonge huchukua nusu saa hadi saa nzima kushika. Niliingoja hiyo saa kama niko kwenye foleni ya magari Jogoo Road siku ya mvua.

Sindano moja kwa kawaida huisha kati ya saa 12 na 24 tangu uchomwe, na hakuna atakayekutajia dakika. Kwa hiyo meza ungali na ganzi, kama ulivyoandikiwa, na utege simu ikuamshe. Kama ni paracetamol kila baada ya saa sita, hesabu ni rahisi: saa moja jioni, saa saba usiku, saa moja asubuhi, saa saba mchana. Mtu mzima asipite gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na ujue dawa nyingi za mafua zina paracetamol ndani. Zile za jamii ya diclofenac ni za kumeza umeshakula, na kama una vidonda vya tumbo au shida ya figo usiziguse bila daktari.

Mkono wenye ganzi usiuamini. Kiwiko changu kiliegemea sufuria ya chai, binti yangu ndiye aliyepiga kelele. Mimi sikuhisi kitu. Usivue mkanda wa shingoni unaobeba mkono, kaa mbali na jiko, na barafu uifunge kwa taulo, dakika 15 tu. Lala umeegemea mito mitatu.

Rudi hospitali ganzi ikipita siku mbili, au vidole vikiwa baridi na kubadilika rangi. Kifua kikiuma au pumzi ikizidi kubana usingoje kukuche.

Nguo nayo ni kazi. Fulana ya kuvalia kichwani isahau kwa wiki kadhaa. Chukua shati kuukuu la vifungo, fumua mshono wa bega na wa ubavu upande uliopasuliwa, kisha ushone vishikizo vya kubana. Nimeshawashonea majirani wawili.