Kabla timu haijachagua dibaga

Mnaotafuta dibaga (programu ya kusakia hitilafu za programu nyingine) ya kujitegemea, yaani isiyofungwa ndani ya kihariri cha msimbo, msihadaike na sura yake. Chukueni faili la nakala ya kumbukumbu ya programu (core dump) lililoachwa na programu iliyoanguka kwenye seva, mlifungue kwenye mashine nyingine, muone kama mnapata jina la funksheni na namba ya mstari au anwani tupu tu za kumbukumbu. (Mafaili ya simboli, yanayounganisha anwani hizo na majina na mistari ya msimbo, yatunzwe kwa kila toleo, la sivyo hata dibaga bora itapapasa gizani.) Kwenye Linux, GDB inawatosha wengi. Kwa zile hitilafu za kuvizia, leo ipo kesho haipo, jaribuni rr: inarekodi programu ikiendeshwa, kisha mnarudi nyuma hadi pale thamani ilipoharibika. Windows? WinDbg, ingawa amri zake zinataka subira.