Somo: Protini ya kijani kwenye fementa ya lita 5, kwa hewa ya Nakuru

Hapa tunawatumia bakteria kuzalisha protini ndani ya fementa, yaani chombo cha kukuzia chenye hewa na propela. Wengi mnaoniandikia mnaanza na jeni: plasmidi gani (kile kipande cha DNA kinachobeba jeni), promota gani (swichi ya jeni), mkia wa histidini, ule wa kuinasia protini wakati wa kuisafisha, ukae mbele au nyuma. Mimi nikiulizwa kwa nini mchuzi, yaani maji ya chakula wanamokulia bakteria, umetoa protini kidogo, kwanza nauliza maabara iko mita ngapi juu ya bahari. Nakuru tuko kama mita 1,850. Mgandamizo wa hewa hapa ni takriban kilopaskali 81, na Mombasa ni 101. Kwa hiyo oksijeni inayoyeyuka kwenye maji yetu ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani. Maelekezo mengi tunayopakua yameandikwa na watu wa usawa wa bahari, na hawataji jambo ambalo halijawahi kuwasumbua.

Protini ya somo hili ni GFP, ile inayong'aa kijani, ambayo asili yake ni yavuyavu wa baharini anayeitwa Aequorea victoria. Nimeichagua kwa sababu inaonekana kwa macho, na kwa sababu ni mmbea. Protini hii ikishajikunja na kuchukua umbo lake, bado inahitaji oksijeni ili sehemu yake ya rangi ikamilike. Ukiinyima hewa, unapata protini nzima isiyo na rangi.

Hilo nililijua kwa aibu. Mara ya kwanza tulivuna tope la seli lenye rangi ya uji wa mahindi, nikaapa kwamba plasmidi ilikuwa mbovu. Nikaacha mabaki kwenye bika kando ya sinki, nikaenda nyumbani nimenuna. Asubuhi mama anayetusafishia maabara akaniuliza nani amemwaga rangi ya keki. Bika lilikuwa kijani tupu. Protini ilikuwepo muda wote, ila ilikuwa haijavuta pumzi.

Hatua ya 1: Mbegu

Tumia bakteria E. coli wa aina ya BL21(DE3) wenye plasmidi ya GFP chini ya promota iitwayo T7. Kama una hiari, chukua plasmidi inayozipa seli kinga dhidi ya antibiotiki ya kanamaisini, si ya ampisilini; antibiotiki hiyo kwenye mchuzi ndiyo huua seli zilizotupa plasmidi. Seli zinazostahimili ampisilini hutoa kimeng'enya kinachoivunja dawa hiyo hata nje ya seli, na baada ya saa chache zile zilizotupa plasmidi zinaishi bure kama mpangaji asiyelipa kodi. Kwenye flaski ya usiku mmoja utavumilia. Kwenye fementa, baada ya saa 20, unaweza kukuta nusu ya seli ni wapangaji hao.

Jioni panda koloni moja (kishada cha seli kutoka kwenye sahani) kwenye mililita 5 za LB, mchuzi wa kawaida wa bakteria. Asubuhi hamishia kwenye mililita 150, ndani ya flaski ya lita 1. Usiijaze flaski, ile nafasi tupu ndiyo mapafu yake.

Hatua ya 2: Otoklevu

Otoklevu ni chungu cha mvuke cha kuua vijidudu, na hapa ndipo watu wa Bonde la Ufa tunapoumia bila kujua. Vitabu vinasema mgandamizo wa pauni 15 kwa inchi ya mraba, kwa dakika 15. Lakini geji ya otoklevu ya kawaida husoma mgandamizo uliozidi ule wa nje. Pauni 15 juu ya hewa ya Mombasa zinakupa nyuzi 121. Pauni hizo hizo juu ya hewa ya Nakuru zinakupa kama 118. Nyuzi tatu zinaonekana kidogo, ila kasi ya kuua vijimbegu vya bakteria hushuka karibu nusu.

Ili ufike 121 hapa unahitaji geji isome kama pauni 18. Kabla hujafanya hivyo soma kibao cha mtengenezaji kinachosema chombo kinabeba kiasi gani. Kama mwisho wake ni 15, usiguse vali ya usalama hata kidogo, ongeza muda tu: dakika 30 badala ya 15. Otoklevu mpya zinazojiongoza kwa kipimo cha joto hazina shida hii.

Chemsha glukosi peke yake, mbali na chumvi na ekstrakti ya chachu, la sivyo mchuzi utakuwa kahawia kama chai ya rangi. Kanamaisini iingie mchuzi ukishapoa.

Hatua ya 3: Kipimo cha oksijeni

Unapitisha naitrojeni, unaweka sifuri. Unapitisha hewa propela ikizunguka kwa kasi, unaweka 100. Halafu kumbuka kwamba 100 yako ni 80 ya Mombasa. Chapisho likikwambia "usishuke chini ya asilimia 30", nawe ukashika 30 hapa, seli zako zinapata kile ambacho mtu wa pwani angekiita 24. Mimi nashika 40.

Hatua ya 4: Kukuza

Mchuzi lita 3 ndani ya chombo cha lita 5. Joto 37, pH 7.0 kwa matone ya amonia, hewa lita 3 kwa dakika. Anza na mizunguko 300 ya propela na uiache ipande yenyewe kadiri oksijeni inavyoshuka. Yangu hufika 800, kisha kelele zake zinaanza kunitisha.

Usimwage glukosi yote kwa mpigo. E. coli wakipewa sukari nyingi kuliko wanavyoweza kuichoma hutoa asidi ya siki, na siki hiyo huwadumaza wao wenyewe. Hewa ikiwa chache, siki inazidi. Weka gramu 10 kwa lita mwanzoni, kisha kaa utazame skrini. Sukari ikiisha, mstari wa oksijeni unaruka juu ghafla, kwa sababu seli zimeacha kula na hivyo zimeacha kupumua kwa nguvu. Mruko huo ndio mlio wa kengele ya chakula. Washa pampu ya kulisha polepole.

Povu litakuja. Tia dawa ya povu tone moja, subiri, tone lingine. Ukitia kijiko kizima, povu litakufa kweli, lakini viputo vya hewa vitaungana na kuwa vikubwa, na oksijeni itaporomoka mbele ya macho yako. Ukiliacha povu lipande, litalowesha chujio la hewa inayotoka, nalo likiziba chombo kinaanza kujaa presha. Nimewahi kusikia kifuniko kikipiga mluzi saa nane usiku, na sitaki kuusikia tena.

Hatua ya 5: Kuamsha jeni

OD, yaani kipimo cha ukungu wa mchuzi, ambao huongezeka seli zikizidi, ikifika 15 hivi, punguza joto hadi 25 kwanza. Baridi inawapunguzia seli kiu ya oksijeni, na wakati huohuo maji baridi hubeba oksijeni zaidi. Protini nayo inapata muda wa kujikunja vizuri badala ya kuganda mabonge. Tia IPTG, kemikali inayowasha jeni, milimola 0.2 kwa lita. Wanaotia milimola 1 kwa mazoea wanachoma pesa, na dawa hii si ya bei ya unga. Acha saa 12 hadi 16.

Hatua ya 6: Kuvuna

Sentrifuji, pima tope, pasua seli, pitisha kwenye safu ya nikeli inayonasa mkia wa histidini, ibandue protini kwa kemikali ya imidazoli, hakiki kwenye jeli. Hili limeandikwa vizuri kila mahali na mwinuko hauligusi.

Maswali ya wanachama

Nyar Ahero: Daktari, huku kwetu molasi si ghali, viwanda vya sukari viko karibu. Naweza kulisha molasi badala ya glukosi?

Dada, kwa BL21 hapana. Sukari kubwa ya molasi ni sukrosi, na BL21 hana uwezo wa kuila. Hamira anaiweza, ndiyo maana kiwanda cha Muhoroni hutengeneza spiriti na hamira kutokana na molasi. Unaweza kuivunja sukrosi kwanza kwa asidi au kimeng'enya ili upate glukosi na fruktosi, lakini weusi wa molasi utakuharibia usomaji wa OD, na molasi ya mwezi huu si sawa na ya mwezi ujao. Kama molasi ndiyo uliyo nayo, badilisha kiumbe: jifunze kuzalisha protini kwenye hamira.

Mwalimu wa Kondele: Sisi Kisumu tuko chini kidogo. Hesabu zinabadilika?

Zinabadilika, mwalimu. Kisumu ni kama mita 1,130, mgandamizo kilopaskali 88. Oksijeni yenu ni kama asilimia 87 ya ile ya pwani. Otoklevu iende pauni 17. Wenzetu wa Njoro wako juu kuliko mimi, wao waongeze.

Fundi Lanet: Kwa nini usiongeze presha ndani ya chombo ili ufidie hiyo hewa nyepesi? Pia, propela naweza kukutengenezea mimi.

Fundi, wazo lako ni sahihi, na kwenye matangi ya chuma hufanywa. Changu ni kioo. Kioo hakitoi onyo. Propela nakubali, kwa masharti: chuma cha pua namba 316, mabawa 6 yaliyosimama wima, kipenyo chake theluthi moja ya kipenyo cha chombo, na weldi isuguliwe hadi ukucha usikwame. Kitundu usichokiona wewe kinatosha kuwa kijiji cha bakteria wa kigeni.

Nyar Ahero: Na stima ikipotea?

Zima pampu ya kulisha kabla ya kitu kingine chochote. Seli za OD 20 humaliza oksijeni iliyoyeyuka ndani ya nusu dakika, mara nyingi chini ya hapo. Ukiendelea kuwalisha gizani wanatengeneza siki tu. Kisha tia barafu kwenye maji ya koti la chombo, uwapoze walale. Betri yako ndogo usiipe kompyuta, ipe propela na pampu ya hewa. Mimi nilichelewa dakika 40 siku moja nikitafuta funguo za jenereta, na seli zilinusurika kwa sababu zilikuwa baridi.

Kijana wa Kakamega: Nina chumba kizuri nyuma ya nyumba. Naweza kufanyia hapo?

Hapana, ndugu yangu. Hawa ni viumbe waliobadilishwa jeni. Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2009 inataka idhini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia, hata kwa kazi ya ndani ya maabara. Pitia kamati ya usalama wa kibayolojia ya chuo kilicho karibu nawe, uombe kufanyia kwao. Nyuma ya nyumba fanya mtindi, nao una mengi ya kufundisha kuhusu joto na mbegu.

Mwalimu wa Kondele: Mwezi uliopita tulivuna tope jeupe, tukaligandisha kwa huzuni. Nimesoma kisa cha bika lako. Bado lina matumaini?

Liyeyushe, lichanganye na bafa (maji yanayoshikilia pH isiyumbe) ya pH 8, acha kwenye bika pana bila kifuniko mpaka kesho. Utuambie.

Mwalimu wa Kondele: Asubuhi hii ni kijani, lakini kwa juu tu, kama kidole kimoja. Chini bado jeupe.

Likoroge, mwalimu.